Dawa ya Wezi

Butembo, Kimemi, tarehe 11 Juni 2001

Mdogo wangu Kyakimwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Hali yako? Watoto wanaamka vizuri? Siye huku ni wazima, ila mgongo unanikumbusha umri.

Barua hii anakuletea mume wako mwenyewe, juu ya ile pikipiki kubwa ya safari aliyoinunua kwa mapadri. Sasa ni pikipiki kweli. Karbiratere ya zamani ilikuwa inamwaga mafuta ya esanse kama mbuzi anayekojoa. Nimeitupa, nimefunga nyingine niliyoitoa kwenye mashine iliyokufa, pamoja na mipira mipya ya kupitishia mafuta. Freni ya mbele ya kamba nayo nimeiondoa, nimeweka ya diski. Mushuke milima yote na magunia mawili ya maharagwe, itasimama. Mwambie tu Stanislas asiikamate kwa nguvu kwenye tope, maana ataruka juu ya usukani na kufika Beni kabla ya pikipiki.

Nimeweka pia dawa ya wezi. Ni nini, siandiki, kwa sababu barua zinapita kwenye vizuizi vya askari. Stanislas anaijua. Wakiichukua, hawatafika mbali.

Yaya yako,
Malachie

Beni, tarehe 2 Septemba 2001

Yaya Malachie,

Salamu. Nakuuliza hali, nawe usiniulize yangu. Asante kwa kuja kumzika Stanislas.

Ulisikia kwa watu, sasa sikia kwangu. Tulikuwa tunatoka soko la Musienene. Kwenye kizuizi cha kuingia Beni askari wawili walitushusha. Stanislas hakubishana, aliinua mikono. Wakapanda, wakaenda. Sisi tukaanza kutembea, na mume wangu alikuwa anacheka, akisema pikipiki itanunuliwa nyingine, Kyakimwa hanunuliwi. Mlio ukakatika mbele yetu, kwenye kona. Wakarudi kwa miguu. "Unatuchezeya, weye?" mmoja akamuuliza. Hakungoja jibu.

Wakristo wa parokia waliisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Imeegemezwa ukutani. Lakini kila siku saa kumi na moja jioni, nikiwa jikoni, naisikia ikija kutoka barabarani, mlio uleule. Inafika kwenye mti wa avoka wa jirani, inazima. Joyeuse, mpwa wako, naye anainua kichwa. Ninaogopa, yaya.

Wewe ndiye fundi. Niambie kwa nini ilizima.

Mdogo wako,
Kyakimwa

Butembo, tarehe 20 Desemba 2001

Mdogo wangu,

Salamu za Noeli inayokuja. Unisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi.

Ilikuwa esanse chafu. Siku hizi wanaichanganya na maji, na maji yakiingia kwenye karbiratere mashine inakufa hapo hapo. Hakuna mtu mwenye kosa. Omba misa moja kwa ajili ya marehemu, na hiyo pikipiki uiuze.

Mimi nimeacha kazi ya pikipiki. Natengeneza baiskeli.

Yaya yako,
Malachie

Beni, tarehe 7 Aprili 2002

Yaya wangu,

Hujambo? Mgongo unasemaje?

Nilipata mnunuzi. Alimwaga esanse yote, akatia safi, akapiga teke mpaka akatoka jasho. Ikakataa. Alipokwenda kunywa maji nikapitisha mkono chini ya kiti, upande wa kushoto, nikafungua ile robine yako ndogo inayokata mafuta. Ikawaka kwa teke la kwanza.

Ndiyo, naijua. Stanislas alinionyesha jioni ileile aliyofika na barua yako. Akanifundisha kwamba kila tukisimama, mimi niliye nyuma nifunge. Na pale kwenye kizuizi alikuwa ameinua mikono, yaya. Ni mimi niliyefunga, nikishuka, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Nilikuuliza nikitaka uitaje robine, ili nami niseme langu. Wewe ukaandika maji. Nilikushukuru kwa siku moja tu, kwa kutupa sababu isiyo yetu.

Sijauza. Njoo uitoe hiyo robine kwa mikono yako, nami nikiwa nimesimama hapo. Freni ziache, ni nzuri. Lakini usikawie. Tangu niifungue, saa kumi na moja ikifika mlio hauzimi tena kwenye avoka. Unafika mpaka mlangoni, unangoja. Joyeuse ananiuliza kama afungue.

Mdogo wako,
Kyakimwa