Hodi ya Pati Tuu

Katubuka, Kigoma

Kwa yaya wangu Mariamu, Uvira,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukisimama sana miguu inakuvimba na najua hupumziki. Presha inasemaje? Na kile kifua? Majani niliyokutumia kwa yule mama muuza mawese uliyachemsha, au uliyaweka tu juu ya kabati? Sisi huku wazima. Feza mzima, mume wake mzima, mtoto wao ameanza kusimama kwa kushikilia ndoo. Mimi mgongo unaniuma kidogo kwa ile kuinama kuanika dagaa, lakini si wa kulalamikia. Hapa nikisema "yaya wangu" wananicheka, wanasema kwao yaya ni msichana wa kulea watoto. Waache wacheke. Mimi kukuita dada sijui.

Barua yako nilipewa na mtu wa boti na nimeielewa. Unasema kuna kijana amekuja kwako, anasema yeye ni Ramazani, mtoto wangu. Unasema umemweka barazani, analala huko huko, hujamwingiza ndani mpaka nikuletee alama ya mwilini ya kumjua. Na watu wa hapo wanaambiana kwamba amesikia tu habari za kiwanja cha marehemu mume wangu pale Mulongwe. Hilo nitakujibu. Lakini kwanza nikupe habari za huku, maana jibu langu limepitia huko, na nikianza na jibu hutanielewa.

Sasa hivi ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo watu wa kipe, wale wavuvi wa usiku, wameegesha, na sisi wanawake wa mwalo wa Katonga hatuna cha kuanika. Watu tunakaa tu. Ndipo mwenye kibanda cha video akabandika karatasi mlangoni: Nyumba ya Kisima, Pati Tuu.

Yaya, ile ya kwanza unaikumbuka. Tuliiona wote hapo Uvira kabla hatujaanza kukimbia. Ule mkono ulipotoka kisimani wewe ulitoka mbio ukaacha kiatu kimoja, na mwisho wake nilikusimulia mimi. Yule msichana aliyetumbukia kisimani akawa anatoka na kumaliza watu wa nyumba ile, mmoja mmoja, damu mpaka ukutani. Tulicheka njia nzima, tukaenda kulala.

Hii ya pili nilikwenda bila hamu. Pati tuu nazijua, watu wale wale wanafufuliwa ili wafe tena, na damu inaongezwa. Lakini Feza aliniambia, "Mama, tangu barua ya mama mkubwa ifike umekuwa kama mtu aliyepoteza ufunguo. Twende." Jirani yangu Mama Jeni, Muha wa hapa hapa, naye akajifunga khanga tukaenda watatu, saa za alasiri.

Picha yenyewe ni ya kigeni. Kuna jamaa wa Ujiji, mnene, wanamwita Saidi Kipaza, anakaa pembeni na kipaza sauti anatutafsiria. Lugha ile hata yeye haijui. Anaangalia midomo na kukisia.

Sasa sikiliza. Humu hakuna damu. Ni mama wa yule msichana, yule ambaye kwenye ile ya kwanza alipita mara moja tu akilia, nasi hatukumjali. Amerudi peke yake kwenye nyumba ile. Anapika. Anaanika nguo. Anafagia. Kibanda kizima watu wakaanza kunung'unika, "Saidi, hii picha ya mapishi!" Saidi naye, "Tulieni nyinyi, subirini moto."

Basi jua likishuka kidogo mlango unagongwa. Ngo, ngo, ngo. Taratibu, kama mtu mwenye adabu. Yule mama anaacha kisu. Anajua mtoto alishakufa, mwili aliuosha mwenyewe. Saidi anatuambia kwamba kilichoko nje hakiwezi kuingia mpaka kikaribishwe. Mlango ukagongwa tena. Kwenye picha hakuna neno, ni kugonga tu, lakini Saidi naye kwa kutaka kutia ladha akashika kipaza, akalainisha sauti kama ya mtoto, akasema, "Hodi!"

Yaya, kibanda kizima tukaitika, "Karibu!"

Wote! Wavuvi, wauza dagaa, mwenye kibanda mlangoni. Kisha mayowe, mtu akaingia chini ya benchi. Saidi akasimamisha picha. "Nyinyi! Mnamkaribisha nani?"

"Ni mdomo tu, Saidi!"

"Mdomo tu? Mmeshatuua wote humu!"

"Na wewe hodi ya nini? Umefundishwa na nani kupiga hodi ya jini?"

Mama Jeni alikuwa ameshika kifua anasema Kiha kitupu. Picha ikaendelea. Ikafika mara ya pili, "Hodi!" Watu wote wameziba midomo kwa mikono, wengine kwa khanga. Huku nyuma kuna mzee alikuwa anasinzia tangu mwanzo, akazinduka, akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Karibuni ndani, karibuni." Tulicheka mpaka benchi likayumba. Saidi akasema mzee huyo apelekwe kwa shehe.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Yule mama kasimama mlangoni, mkono juu ya komeo. Wamemwonyesha uso tu, kwa muda mrefu. Anajua siye. Tena anajua kwamba huenda ndiye. Anataka afungue, hataki, anataka. Saidi mwenyewe sauti ilimpungua, akasema hodi kama mtu anayeomba maji. Watu wakajiziba midomo.

Mimi nikasema, "Karibu."

Peke yangu. Na haikuwa mdomo tu. Feza akanifinya paja. Mama Jeni akanigeukia, "Mama Feza, una wazimu? Wenzako tumejiziba!" Mimi nilikuwa naangalia. Yule mama akafungua mlango. Wakatuonyesha yeye tu, aliyeko nje hatukuonyeshwa. Akasogea pembeni, vile unavyosogea ili mtu apite. Ikaisha.

Watu walikasirika sana. Walitaka warudishiwe hela, wanasema ya kwanza ilikuwa picha ya maana na hii ni uhuni. Tulibishana mpaka nje. Mimi nilisema ya pili imeizidi ya kwanza mbali, na mpaka leo nasema hivyo hivyo. Ya kwanza walituonyesha kila kitu, ukanawa uso ukaisahau. Hii hawakuonyesha kitu, na nilikuja nayo mpaka jikoni. Halafu ya kwanza waliogopa watu wasiojua. Huyu anajua yote, na bado mkono unakwenda kwenye komeo. Woga wa namna hiyo ni mkubwa kuliko wa mkono kutoka kisimani, yaya. Muulize mwanamke yeyote aliyepotelewa na mtoto.

Sasa nakuja kwenye lako. Umeniomba alama. Nimekaa nimetafuta alama, sina. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Alikuwa na baba yake pale bandarini siku ile ya kukimbia, mimi nina Feza mgongoni, tukapanda boti mbili mbalimbali. Baba tulipata habari zake tukamlilia, mtoto hatukupata habari yoyote. Kovu la goti nililodhani ni lake, Feza amenionyesha, ni la kwake yeye. Mama Jeni anasema hata ningekuwa nalo nisilitaje, "utamtajia kovu la moto, kesho ajichome!" Feza naye anasema, "Mama, huyo anataka kiwanja, basi." Huenda. Nimemwambia huenda. Na mimi nikifunga macho nione uso wa Ramazani, siku hizi nauona wa mjukuu wangu. Hivyo hata mimi mwenyewe nikiletwa hapo barazani sijui kama nitamjua.

Lakini nakuomba, yaya, mwingize ndani. Asilale barazani tena. Mpe mkeka wa chumba cha nyuma, mpe sombe, huku wanaita kisamvu, na bugali, asiulizwe kitu mpaka ashibe. Kiwanja kisitajwe kwanza, si kwa kumpa wala kwa kumnyima. Akiwa siye, tutakuwa tumelisha mtoto wa mwanamke mwingine ambaye naye yuko mahali anatafuta. Akiwa ndiye halafu tukamwacha nje, hilo mimi siliwezi. Mwezi ukishapungua na dagaa wakipatikana nitauza, nitavuka kwa boti, nije nimwone kwa macho. Naogopa sana. Nakuambia wewe tu.

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie apunguze tumbaku. Nisalimie binamu yetu fundi cherehani, na mama mkwe wangu kama bado anakumbuka watu. Feza anakusalimu, na mume wake, na Mama Jeni anasema mwakeye, hiyo ni salamu yao ya asubuhi.

Mwisho, yaya, najua macho yako hayasomi, na yule binti wa jirani aliyekuwa akikusomea aliolewa akaenda Bukavu, na hapo nyumbani msomaji mwingine hakuna. Kwa hiyo nadhani anayesoma hapa ni huyo kijana. Basi baba, usione aibu kwa niliyoyasema, nimeyasema yasikike. Rudia sehemu ya kukuingiza ndani, msomee yaya kwa sauti, sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Akisema subiri, mwambie nimesema leo. Na huko barazani kuna baridi ya ziwa asubuhi. Una shuka?

Mimi ni mdogo wako, yaya, na kama ni kweli, baba, mimi ni mama yako,

Mwamini