Transista ya Sikio la Mama Yako

Tarehe 9 Juni, mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke.

Mpwa wangu,

Mimi mzima, ila goti lina maneno yake. Kifaa chako cha kumsaidia mama yako kusikia kimegoma kwa sababu transista uliyochagua, hiyo swichi ndogo ya kupitisha umeme, haifunguki mpaka ipate volti tatu, na kibetri chako kina moja na nusu tu, tena hupungua kadiri kinavyotumika. Tafuta inayofunguka kabla ya volti moja.

Juzi dada aliniuliza kwenye simu nitarudi lini. Nikamjibu.

"Sema kwa nguvu, kaka, umemeza pamba?"

Nikarudia. Akacheka, akasema chumba changu ameshakipaka rangi.

Kifaa kikikubali, nipigie, umpe simu. Nataka alisikie kwangu mwenyewe: sirudi tena.

Mjomba wako