Kumbukumbu ya Koplo Okeny na Utepe Usiojaa

Mwaka umezunguka, Okeny, tangu ulipoletwa Entebbe ukiwa umelala ndani ya bendera, na mama yako Joska akaambiwa asimame nyuma ya kamba pamoja na wageni. Miguu yake ilirudi Ggaba kuuza samaki, kwa sababu watu lazima wale. Yeye mwenyewe bado yuko nyuma ya ile kamba.

Ulikuwa mtu wa mzaha na mikono mepesi. Ukipata likizo hukukaa ukangoja kuandaliwa. Ulivua shati, ukachukua kisu, ukaparua magamba pamoja na mama pale sokoni, na wanawake wakapiga kelele: "Joska, huyu mwanajeshi wako tuazime na sisi, hata siku moja tu!" Nawe ukawajibu, "Mimi nina bibi, na bibi yangu Nelima ni wa Bungoma. Mkiniazima, mjue na njia ya kukimbilia."

Yunifomu yako ya gwaride uliipiga pasi mwenyewe. Hukumwachia mtu. Mtoto wako Akech alikaa karibu akikutazama, akingoja umruhusu anyunyize maji.

Uliporudi kutoka Somalia mara ya kwanza ulikuwa na utepe mmoja mfupi wa nishani, juu ya mfuko wa kushoto. Mama aliugusa kwa kidole kinachonuka samaki na hukumkemea. Alifurahi sana. Alidhani mambo yamekwisha: mtu ameitwa, amekwenda, amerudi na alama yake.

Kumbe kule kambini watu walikuwa wakisoma vifua. Rafiki yako Ogwal, ambaye alikuwa amekwenda mara mbili, alikuja kula kwetu. Aliutazama ule utepe, akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Afande Okeny, hii utepe yako iko uchi."

"Uchi namna gani?"

"Haina namba. Ile safari ya kwanza hawaandiki moja. Namba inaanza na mbili. Sasa mtu akikuona hivi atajuaje kama wewe ni mtu wa kazi, ama ulipita tu kusalimia?"

Ulicheka pamoja naye. Lakini mama yako aliona kwamba posho yako, ugali wote ule, ilibaki kwenye sahani, na wewe hukuwa mtu wa kubakisha posho.

Ukaenda tena, ukarudi. Mama akakutafuta kifuani, akauona utepe mmoja ule ule. "Na wa pili uko wapi? Wamekunyima?" Ukamketisha kwenye kibao, ukamweleza polepole, maana yeye shule aliiacha darasa la tano. Ulimwambia kwamba kwa kazi ile ile ya ng'ambo mtu hapewi utepe juu ya utepe. Ukirudi mara ya pili, unabandika katikati yake namba ndogo ya chuma, mbili. Ukirudi mara ya tatu, unaitoa hiyo, unaweka tatu.

"Na mara ya nne?"

"Ni nne, mama."

"Basi huo utepe haujai."

"Haujai, mama!" Ukacheka, ukampigapiga begani kana kwamba yeye ndiye amefanya mzaha.

Yeye hakucheka. Debe hujaa. Kikapu hujaa. Hata kaburi hujaa udongo, watu wakarudi nyumbani. Kitu kisichojaa, kinamtakia nini mtoto wa mtu?

Mara ya tatu hakuna aliyekulazimisha, na hilo tunalisema wazi ili tusimwonee mtu. Ulijiandikisha mwenyewe. Gari lenu lililipuliwa barabarani, asubuhi, mkipeleka maji. Yunifomu ilikuja nyumbani imekunjwa vizuri, na kwenye utepe ilikuwa mbili ile ile. Nelima aliitoa namba, akampa mama aitunze, akasema yeye hawezi kuilaza nyumba moja na mtoto anayeuliza maswali.

Sasa sikia, mwanangu, jambo linalomkaba mama yako. Mdogo wako Okidi amekwisha kwenda safari moja na kurudi. Utepe wake uko uchi. Wiki iliyopita alikuja Ggaba amenyoa kichwa, hataki kukaa.

"Mama, nimejiandikisha tena."

"Jina linaweza kutolewa?"

"Mpaka Ijumaa."

"Basi litoe."

Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba ile namba ya kaka. Nikirudi sitaki ya kwao. Nataka kuvaa ya Okeny."

Nelima, ambaye alikuwa akisonga posho, akasimamisha mwiko. "Shemeji, hujaondoka na umekwisha kuvaa?"

"Si kwa ubaya. Alikuwa kaka yangu."

"Alikuwa bwana yangu. Umeniona mimi nikitafuta namba?"

"Wewe hukai kule kambini!" Okidi akapaza sauti. "Mnataka waseme nini? Kwamba kaka alianguka, mdogo akaogopa?"

Akaondoka bila kula, na mama yako amekwama tangu hapo. Akimpa ile namba, amembariki aende. Akimnyima, mtoto atakwenda na kinyongo, na kinyongo si mzigo wa kumpa mtu anayekwenda vitani. Akilia, ataambiwa anamfunga mwanaume kamba. Akinyamaza, Okidi atasema mama amekubali. Amegeuka huku na huku kama samaki kwenye beseni, na kila upande ni beseni.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi mzazi na aandike, hata kama mwandiko wake umepinda. Nyinyi kina mama wa kambini mtakaosoma haya: mtoto akirudi salama, mtazameni machoni, halafu mtazame macho yenyewe yanatazama wapi. Yakianza kutazama kifua cha mwenzake, usingoje kesho. Sema. Mama Okeny aliona posho imebaki kwenye sahani, akaosha sahani.

Na jibu la Okidi liko hapa gazetini, mbele za watu wote, ili asiseme hakusikia. Hapana. Mama hakupi namba ya kaka yako. Hakukasirikii, wala hakuiti mwoga, na atakayekuita mwoga aje Ggaba amwambie mama mwenyewe. Wewe ulikwenda ukarudi. Huo utepe wako mtupu, mama ameutazama vizuri, na kwake yeye umejaa. Ijumaa bado haijafika.

Okeny, Jumapili tutakuombea nyumbani, na kutakuwa na chakula kwa kila atakayekuja. Ogwal naye ameitwa. Hatuna neno naye.

Wanaokukumbuka ni mama yako Joska, mke wako Nelima, binti yako Akech, dada yako Aciro, na mdogo wako Okidi. Jina la Okidi mama ameliandika mwisho, kwa mkono wake, hapa chini kwenye majina ya wanaokumbuka. Hatutakusahau, mwanetu, siku zote tulizobakiwa nazo. Ila mama anaomba kitu kimoja: mwakani, atakapoandika tena, jina la Okidi aliandike papa hapa chini.