Kumkum Juu ya Diski

Jumapili, 22 Oktoba 2023

Nimesafisha kompyuta leo mpaka mgongo unauma. Kesho ni ibada ya vifaa, na kifaa hakipelekwi mbele ya mungu wetu Mama Chamundi kikiwa na vumbi. Nimefungua ubavu wote, nimepuliza feni, nimetoa nywele — za nani sijui, humu ndani hatufugi paka. Sindhu yuko na mtoto kifuani ananicheka tu. Eti mama za wenzake wakistaafu kampuni ya simu wanapanda mawaridi, mama yake yeye anaisugua mashine kwa mswaki.

Anicheke. Kazi kubwa ya leo ilikuwa jina, na nimelipata! Tangu madaktari waliponyofoa koo la Baba Sindhu kwa ile saratani, yeye anachapa na kompyuta inamsemea. Kwa sauti yake mwenyewe, siyo ya kuazima. Nilimkalisha kabla ya upasuaji nikamrekodi wiki nzima, maneno na vipande vya maneno, mpaka akachoka akanitukana. Jina la mjukuu halikuwemo. Nani alijua atakuja mjukuu? Basi nimekata na kuunga, kipande huku, kipande kule. Mwanzoni likatoka kama la mtu mwenye kwikwi. Halafu likatoka sawasawa — Nachiketa! Yeye hasa, na ule uzito wake wa mwishoni. Baba Sindhu akageukia dirishani, akajifanya anatazama skuta.

Jumapili ya tarehe tano ndiyo siku ya jina. Babu wa upande wa pili alishafariki, kwa hiyo Baba Sindhu ndiye wa kulinong'oneza sikioni mwa mtoto. Atamwekea spika ndogo kwenye susu anamolala. Mpaka hapo mtoto hana jina, ni Putta tu, kama vitoto vyote vya mtaa huu.

Jumatatu, 23 Oktoba 2023

Tumefanya ibada. Mkekani nilipanga kila kitu: bisibisi zangu, solda, mita, cherehani, visu vya jikoni. Skuta nje na ndimu zake za baraka chini ya matairi. Kompyuta katikati, ubavu wazi, ili na ndani kubarikiwe. Na diski ya nakala pia, nikaitoa kabatini nikailaza pale bila kasha. Nilifikiri, inafanya kazi mwaka mzima gizani, kwa nini yenyewe ikose?

Mama mkwe hakubali mtu mwingine ashike sahani ya ibada. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila vivuli, lakini vidole vyake vinajua kila kitu ndani ya nyumba hii. Nikamwachia, nikaenda kugeuza vada kwenye mafuta. Niliporudi — loo! Liwa na kumkum, ule unga mwekundu wa baraka, kila mahali. Kwenye feni. Kwenye bodi, nukta moja kwa kila kitu kilichoinuka. Kwenye diski, mbichi, upande wa bodi. Na maji ya baraka juu yake, ameyanyunyiza kwa jani.

"Nimepapasa nikakuta ina mioyo mingi," akasema. "Nikaogopa kuacha mmoja."

Nikacheka. Nilicheka kweli, nikampa vada ya kwanza. Nikafuta nilivyoweza kwa pamba. Leo vifaa vinapumzika, haviwashwi, na Baba Sindhu naye hupumzika kuongea. Alishinda na kibao chake cha chaki.

Jumanne, 24 Oktoba 2023

Siku njema ya kuanzia mambo, wanasema. Nimewasha.

Pah! Halafu harufu.

Nikachomoa. Moyoni najiambia tulia mama, una nakala. Nikaichukua diski ya pili, nikaitazama, nikaiona kavu, nikaichomeka kwenye laptopu. Ikalia kidogo. Ikanyamaza. Kamoshi kembamba, kama ka ubani.

Zote mbili! Nakala mbili nilikuwa nazo, nikajiona mhandisi, na zote mbili nimezipanga mwenyewe kwenye mkeka mmoja. Basavaraju, yule fundi wa vipuri, alishawahi kuniambia niweke ya tatu kwenye mtandao. Nikamjibu kwamba sauti ya mume wangu siihifadhi kwa watu nisiowajua. Jeuri hiyo!

Baba Sindhu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

Jumatano, 25 Oktoba 2023

Spiriti, brashi, upepo wa mashine ya nywele ya Sindhu. Kumkum imeingia chini ya chipu, nyekundu, ukisugua inazidi kuenea. Hakuna.

Mama mkwe anauliza mbona mwanawe haongei. Nikasema kompyuta inatengenezwa. Akasema lakini tuliibariki juzi tu. Nikaenda kukoroga mchuzi wa sambari uliokuwa umeshaiva.

Baba Sindhu aliniandikia kibaoni: ASIJUE. Akapigia mstari. Akafuta kwa kiganja upesi, utadhani yule mama anaona.

Ijumaa, 27 Oktoba 2023

Nimempelekea Basavaraju. Ana kibanda cha vipuri nyuma ya soko, tunajuana tangu enzi za redio za kujiundia, na mpaka leo hakuna kitu kinamfurahisha kama kunikuta nimekosea. Leo hakufurahi. Aliifungua diski ya kompyuta, akaiweka pembeni na kuifunika gazeti, kama maiti. Ile ya nakala akaikodolea macho kwa lenzi muda mrefu.

Bodi imeungua, akasema, lakini ndani huenda ni nzima. Itafutwe diski pacha, ya aina ile ile, toleo lile lile, tuivue bodi tuivishe hii yetu. Na ile chipu ndogo yenye kumbukumbu ya diski ihamishwe kwa solda. Nikasema chipu nitahamisha mwenyewe. Akanitazama mikono.

"Dada, hiyo mikono ikitulia ndiyo uje."

Pacha hana. Ataulizia mjini Bengaluru. Aina yenyewe ya zamani, watu wamezitupa. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mabasi yamenipita nikiyaangalia.

Jumapili, 29 Oktoba 2023

Sindhu kachoka kuona baba yake na chaki. Kamwekea programu kwenye simu — anaandika, inasoma. Lakini sauti! Ile ya kutangaza treni stesheni. Unangoja ikuambie jukwaa namba ngapi.

Baba Sindhu alijaribu mara moja tu. Alimsogelea mama yake akachapa, nadhani alimuuliza kama amekunywa dawa. Mama mkwe akavuta sari kichwani. Akaniuliza kwa adabu yule bwana mgeni ni nani, na kama ameshapewa kahawa.

Simu ikarudi mfukoni, haijatoka tena.

Ninachoumia ni hiki: kila mtu humu anaweza kusoma kibao isipokuwa Mama mkwe. Kwa mama huyu, mwanawe ni sauti tu. Jioni, tunachambua maharage, akaniuliza mwanawe Narahari kamnunia kwa kosa gani. Amefikiri sana, anasema, na halioni. Nikamwambia hajanuna, Amma. Akasema mtoto wake akinuna anamjua, alikuwa hivi hivi tangu mdogo, anapita karibu yako hasemi, mpaka amalize mwenyewe. Kisha akaendelea na maharage. Mimi nilikuwa natupa mazima na kuweka mabovu.

Jumatano, 1 Novemba 2023

Pacha limepatikana! Basavaraju kaletewa na dereva wa basi, limefungwa kwenye suruali kuukuu.

Nimehamisha chipu mwenyewe. Nilijizuia kahawa tangu alfajiri ili mikono itulie. Basavaraju alishika taa. Mguu mmoja wa chipu ulitaka kung'oka. Haukung'oka.

Tukachomeka. Ikazunguka! Nilisikia mwenyewe ile sauti ya kupanda, vuuu, nikamshika Basavaraju shati. Majina ya mafaili yakaanza kutokea. Ndipo ikaanza — tak. Tak. Tak.

Kichwa cha kusomea kinagonga, anasema. Huenda kilijeruhiwa nilipoichomeka mara ya kwanza, na kila dakika inayozunguka kinazidi kuumia. Itasoma mpaka ikatae. Ikikataa ndiyo basi. Hatuchagui kianze nini kimalizie nini, itatoa itakacho. Nilimuuliza kama kuna mtu popote anaweza zaidi. Akasema wapo wanaoifungua ndani, kwenye chumba kisicho na vumbi, ila foleni yao ni ya miezi, na hakuna anayeahidi.

Miezi! Susu tumeshaipamba.

Ijumaa, 3 Novemba 2023

Nimeileta nyumbani, inasoma chumbani kwetu. Nimeiwekea feni ya meza. Ikipata moto inagonga, naizima, inapoa, nawasha. Hiyo ndiyo kazi yangu, kama muuguzi.

Kwenye folda la maneno halijatoka hata moja. Jina nililounga halijatoka. Linalotoka, jamani — ni takataka! Zile rekodi nilizozitenga nikakusudia kuzifuta. Anakohoa. Anakunywa maji. Anauliza: "Umewasha? Mbona taa haiwaki? Vasu, una hakika umewasha?" Mara anasema mimi kama mhandisi ni hatari kuliko ugonjwa.

Nimesikiliza na vidude masikioni, mlango nimeegemea. Nimelia. Nililia kwa sababu ni yeye hasa. Kwenye yale maneno safi anasoma kama mwalimu wa shule. Huku ndiko alikokuwa anaongea na mimi, nami nilikuwa nabonyeza "ondoa".

Nimepekua takataka zote natafuta vipande vya jina. Cha mwanzo nimekipata, cha mwisho nimekipata. Viwili vya katikati havipo. Nimejaribu kuviunda kwa kunyoosha na kukunja sauti nyingine. Kikatoka kitu ambacho siwezi kumsikilizisha mtoto.

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Inagonga zaidi kuliko inavyosoma. Wageni wameanza kufika kutoka mji wa Hassan. Wananiuliza mbona nimejifungia. Sindhu anawaambia mama anaumwa kichwa.

Aliingia akaniuliza, kama haitatoka, itakuwaje kesho? Labda mumewe alitaje yeye jina, watu wataelewa. Nikasema muulize baba yako. Akasema ameshamuuliza, na ameandika: NGOJENI.

Anamngoja nani? Ananingoja mimi.

Jumapili, 5 Novemba 2023

Naandika nikiwa kwenye kigoda kando ya diski, kwa sababu nisiposhika kalamu nitashika diski. Sebule imejaa. Kuhani ameshachora jina? Hapana, mchele uko tayari kwenye sinia na pete ya dhahabu ya kuchorea juu yake, lakini hachori mpaka lisemwe sikioni kwanza. Sindhu amekuja mara mbili kuniambia saa njema inapita.

Kuna faili moja jipya tangu asubuhi. Moja. Tena la takataka.

Baba Sindhu ameingia. Hariri nyeupe, kitambaa kipya shingoni kufunika tundu la kupumulia. Amekaa kitandani, amenitazama. Nimetikisa kichwa. Nimemwambia yote, kwamba vipande viwili havipo, kwamba diski imebakiza pumzi chache, kwamba ni mimi niliyeilaza pale mkekani na siyo mama yake, mimi. Nikamwambia nisamehe. Amenyoosha mkono kutaka vidude vya masikioni. Nikamchezea lile jipya.

Amelisikiliza. Amelisikiliza tena. Mabega yakaanza kumtikisika — anacheka! Anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Akavichomoa vidude, akaunganisha ile spika ndogo ya susuni.

Wakati huo huo Mama mkwe akaingia, anapapasa ukuta, sari yake ya hariri imekunjamana na nyuma imeachia. Ametumwa, au amejituma. Akasimama kizingitini, uso ameuelekeza mahali ambapo mwanawe hayupo.

"Narahari," akasema, "kama ni mimi nimekosa, nikemee baadaye. Mtoto anangoja jina."

Baba Sindhu akabonyeza.

"Amma! Funga mlango basi, tunarekodi huku!"

Sauti yake. Kali, ya kuudhika, ya mtu mwenye koo.

Mama mkwe hakushtuka. Uso wote ulifunguka. "Haya, haya, nafunga," akasema, "unapiga kelele ya nini, nafunga." Akageuka, akautafuta mlango kwa viganja, akausukuma, akatia komeo. Kelele za sebuleni zikapungua. Akafuta macho na ncha ya sari, akaniambia mimi kwa fahari kwamba amemaliza kununa, si aliniambia atamaliza mwenyewe?

Baba Sindhu amekishika kichwa cha mama yake, amekiegemeza kifuani kwake.

Tak. Tak. Halafu vuuu, ile ya kushuka. Nimechomoa, nimechomeka. Hakuna. Nimeipuliza, nimeigeuza, nimechomeka tena. Laptopu inasema haioni kitu.

Wanagonga mlango. Ni Sindhu, mtoto analia begani kwake, kuhani anasema ni sasa au mwezi ujao. Mama mkwe amekwenda mlangoni. Ameshika komeo kwa mikono miwili, hafungui, ni mwanawe aliyemwambia afunge.

"Nifungue sasa?" anauliza.

Haniulizi mimi. Nimesema ndiyo, Amma, fungua, akanipungia mkono ninyamaze. Ameinamisha sikio upande wa kitanda, anatabasamu, anangoja mwanawe amjibu. Baba Sindhu ananitazama mimi.