Dada Alionja Kwanza

Mama yetu Alistidia, mwaka umetimia tangu presha ikuangushe migombani hapa Ijumbi, ukiwa katikati ya kumtania jirani kwamba ndizi zake zimekonda kama mwalimu wa mazoezi.

Ulipenda watu, ukapenda zaidi kuwasema. Mchungaji mwenyewe ulimwambia mahubiri yake yanatosha kuivisha maharage. Mgeni hakutoka kwako bila kutafuna punje za kahawa, wala bila kuambiwa amenenepa.

Lakini kazi yako kubwa ilikuwa mdogo wako, mjomba wetu Kyaruzi. Tangu sauti zianze kumtukana kichwani na daktari aseme ni skizofrenia, dawa za kliniki ndizo zilizomrudisha mezani pamoja nasi. Kila alipoziacha alilala porini, akiwakimbia watu wasiokuwepo. Na aliziacha kwa sababu aliamini zina sumu.

"Dada, onja kwanza," alikwambia.

Kwetu anayemimina rubisi, pombe yetu ya ndizi, hunywa yeye kwanza, ndipo mgeni apokee bila wasiwasi. Ukaona njia. Kila jioni ulishika vidonge viwili, chake na chako cha presha, ukameza chako mbele yake huku umekunja uso. "Kichungu kama marehemu shemeji yako!" Naye akameza chake, anacheka.

Hila hiyo ikakufunga nyumbani, maana mkono wa mwingine hakuutaka. Harusi ya binti yako Lilian, Bukoba mjini, uliondoka kabla keki haijakatwa. Tulipokuita askari jela ulijibu, "Jela gani hii, mfungwa anakoroma, askari anakesha?"

Kisha ukafa. Msibani, Kyaruzi alisimama mbele ya watu wote.

"Si niliwaambia? Dada alionja. Dada amekufa."

Mwanao Philbert alikuwa amekuja na boti kutoka kisiwa cha Goziba, akuzike na kurudi kwenye dagaa zake. Alinasa pale pale. Akisema hukuonja, amekuita mwongo mbele ya mtu aliyekuamini wewe peke yako duniani. Akinyamaza, dawa ndiyo iliyokuua. Alinyamaza. Masika yalipoanza mjomba alikuwa porini tena, na tulipomrudisha alituogopa sote.

Basi, Mama, tulikuchongea. Philbert alikaa naye jikoni.

"Mjomba, mama hakuwahi kuonja dawa yako. Alikuwa anameza ya kwake, ya presha."

Kyaruzi alimkodolea macho. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Mwongo mkubwa yule!" Machozi yalimtoka, kicheko kikafuata nyuma. "Kwa hiyo sumu nimekunywa mimi peke yangu miaka yote, na mimi ndiye niliyebaki? Lete hapa!"

Tungependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Kila jioni anauliza upya, na Philbert anaeleza upya, na zipo jioni ambazo maelezo hayatoshi, kidonge kinalala kwenye kisosi. Lilian akijaribu kueleza, anaambiwa hajui habari za nyumba hii. Kule Goziba nafasi ya Philbert kwenye boti ameichukua mtu mwingine. Anatania bado, ni damu yako, ila siku hizi akisikia injini ziwani hukatisha utani, akazisikiliza hadi zipotee.

Juzi Lilian alimuuliza, "Kaka, utarudi lini kisiwani?"

Kabla hajajibu, mjomba akadakia, "Arudi wapi? Halafu nani ataniambia kwamba dada alinidanganya?"

Philbert akainuka, akaenda kuchota maji ya kunywea dawa.

Unakumbukwa na mdogo wako Kyaruzi, wanao Philbert na Lilian, mkweo Josia, wajukuu zako, na usharika mzima uliousema. Tutakukumbuka siku zote, Mama. Hata tukitaka kupumzika, mjomba hataturuhusu.