Si Uroho, ni Damu

Likoni, 9 Machi 1958

Kwa ndugu yangu Boga,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi ni mzima, na mpwa wako Mwanatatu hajambo, asema shikamoo mjomba. Kifua chako kinaendeleaje na mvua za Kampala? Hukukitaja katika barua yako, nami nina wasiwasi.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Juma lililopita jirani alimwoza binti yake, nami kama kawaida nikawa mpishi wao. Tulipokwisha kuwapakulia wageni tulikaa wanawake tukala. Wenzangu wakanawa mikono. Mimi nikapakua tena, na tena. Mmoja akasema, "Dhahabu apewe sufuria, hiyo sahani yamchelewesha." Wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia.

Tangu mume wangu alipokuwa hai watu wakiniona mnene husema nimeneemeka. Hawajui kuwa sijui kushiba. Tumbo hujaa hata likauma, lakini ile hali ya mtu kusema basi, nimetosheka, sijapata kuionja. Nalidhani watu wote wako hivyo, ila wenzangu wanajua kujizuia. Sasa naona sivyo. Wewe kazi yako ni kupima damu za wagonjwa. Niulizie huko kama yupo mwingine kama mimi.

Dada yako,
Dhahabu


Kampala, 30 Machi 1958

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na kifua kimepoa. Mwanatatu mwambie marahaba.

Nilikwenda na habari yako kwa daktari ninayemfanyia kazi. Hutaamini, jambo hilo hilo ndilo analolichunguza. Watu wanene huja kwetu asubuhi kabla ya kula, tukawatoa damu, tukawapa chakula, kisha tukawatoa tena. Chakula kikisagika tumboni sukari yake huingia katika damu. Sisi huipima katika damu ya ncha ya kidole, ambayo inakwenda kuulisha mwili, na katika damu ya mshipa wa mkono, ambayo inarudi. Kwa mtu aliyeshiba, inayorudi imepungua sukari, maana mwili umechukua haki yake. Daktari anaamini hapo ndipo ubongo unapopata habari kwamba chakula kimetosha. Lakini kwa baadhi ya wanene wetu damu huenda na sukari na kurudi nayo karibu ile ile. Wamekula, na ubongo haujaambiwa.

Yeye asema hiyo bado ni dhana. Mimi niliyeyaona kwa macho yangu nakwambia: si uroho, dada. Ni damu. Juni nina likizo, nitakuja na vyombo nikupime mwenyewe.

Nduguyo,
Boga


Likoni, 17 Agosti 1958

Kwa ndugu yangu Boga,

Nashukuru kwamba ulifika salama, natumai gari la moshi halikukuchosha. Sisi huku alhamdulillahi.

Barua yako yenye majibu ya damu yangu nimeipata. Kumbe damu yangu nayo yaenda na kurudi na sukari yake! Wallahi, Boga, nimetembea kwa miaka na aibu isiyo yangu. Siku ile uliponitoa damu uani, majirani walipokuwa wakichungulia nawe ukiwaeleza kama mwalimu, mimi nalitamani ardhi inimeze. Sasa nasema mwenyewe. Nimekwenda kupika harusi nyingine, na yule mwenye maneno ya sufuria alipoanza nikamwambia mbele ya wote: si uroho, ni damu, ndugu yangu ameipima. Nikapakua nikala, wala sikuona haya.

Na habari njema: Mwanatatu ameposwa na kijana wa Mtongwe, mtulivu, fundi wa mashua. Hata sauti ya mwanao imebadilika, anaimba akifua. Harusi tumeipanga kabla ya Ramadhani inshallah. Omba ruhusa mapema.

Dada yako,
Dhahabu


Likoni, 11 Januari 1959

Ndugu yangu,

Tu wazima wa mwili. Nawe natumai hivyo.

Jana walikuja watu wa Mtongwe. Nalidhani wamekuja kupanga siku, nikaweka kahawa. Shangazi yake yule kijana ndiye aliyesema. Walisikia kwamba katika nyumba yetu damu ina ugonjwa, na kwamba habari imetoka kwangu mimi, kwa kinywa changu. Nikamweleza kama ulivyonieleza, ya kidole na ya mshipa. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama mnene kwetu si kitu. Lakini damu mbovu tutazaa nayo."

Mwanatatu alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia.

Wametupa nafasi. Wakipata neno kutoka hospitali kwamba jambo hili halirithiwi, posa itabaki. Basi mwambie daktari wako aandike hivyo, mstari mmoja tu, au andika wewe. Fanya haraka, Boga. Ni mtoto wako huyu.

Dada yako,
Dhahabu


Kampala, 1 Februari 1959

Dada,

Shikamoo. Nimekosa raha tangu barua yako ilipofika.

Nimemwendea daktari. Amesema zipo familia ambazo mama na watoto wote ni wanene, na zipo ambazo yuko mmoja tu, naye hajui sababu. Nikamsihi. Akasema hawezi kutia sahihi asilolijua. Nikakaa na kalamu kuliandika mwenyewe, na mkono ukakataa. Karatasi niliyoifunga humu imeandikwa kwa ukweli: haijulikani bado kama hali hii hurithiwa. Nimeongeza kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba Mwanatatu ni mzima.

Huenda wakaridhika. Wana akili wale watu. Nijulishe upesi.

Nduguyo,
Boga


Kampala, 23 Oktoba 1960

Dada yangu,

Shikamoo, popote barua hii itakapokukuta, na kwa hali yoyote uliyo nayo.

Hii ni ya ngapi sijui, na hujajibu hata moja. Rafiki yangu wa hospitali ya Mombasa ndiye aliyenipa habari: kwamba watu wa Mtongwe waliisoma karatasi yangu, wakafika penye "haijulikani," wakaikunja na kuaga. Amenieleza pia kwamba huendi tena kupika harusi za watu.

Nimemtumia Mwanatatu doti ya khanga kwa mkono wa mtu wa reli. Kama haikufika niambie. Kama imefika na mmeikataa, niambie vilevile.

Nduguyo,
Boga


Kampala, 8 Septemba 1963

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimeoa, mke wangu anawasalimu bila ya kuwajua.

Daktari anarudi kwao, na kabla ya kufunga kazi yake tulipitia upya watu wote tuliowapima. Wamo wembamba ambao damu yao ilikwenda na kurudi kama yako, nao hushiba. Wamo wanene ambao mwili wao huchukua sukari vizuri, nao hawashibi. Wengine tuliwamiminia sukari moja kwa moja mshipani, na njaa haikuondoka. Yeye sasa anadhani damu hubeba ujumbe mwingine ambao bado hatuna chombo cha kuupima.

Njaa yako ni ya kweli, dada, hilo halijabadilika. Lakini mimi niliipa jina nisilolijua, nikalisema kwa sauti uani kwako. Laiti ningalisema ni dhana, kama daktari mwenyewe alivyosema.

Boga


Likoni, 20 Desemba 1963

Kwa ndugu yangu Boga,

Marahaba. Mke wako mpe mkono wangu, nimefurahi.

Khanga zilifika. Nalizikunja nikaziweka. Sikuwa na neno la kukuandikia ambalo nisingelijutia.

Yule kijana alioa kwingine mwaka ule ule. Mwanatatu hakumlilia sana. Kilichomwingia ni lile neno la damu. Alianza kwa kupunguza wali, nami nikaona ni huzuni, itapita. Kisha akawa asema ameshiba kabla hajanawa. Hujipima mkono kwa vidole vyake. Nikimwambia kula, hujibu taratibu, "Mama, nailinda damu yangu." Wiki iliyopita watu wote walivuka kwenda kuitazama bendera mpya, naye akataka kwenda. Alianguka kwenye foleni ya feri. Walinirudishia mikononi, mwepesi kama nguo.

Nalimsomea barua yako. Akauliza, "Kwa hiyo mjomba hajui?" Nikasema hajui. Akasema angalipenda kulisikia hilo tangu mwanzo.

Mimi nimemsihi, hasikii. Neno lilitoka kwako. Basi njoo, wala usichelewe. Usimweleze mengi. Kaa nasi jamvini, baina ya huyu asiyekula na huyu asiyeshiba. Mimi nitapakua sahani tatu sawasawa. Huenda mbele yako akaona haya kuirudisha yake.

Dada yako,
Dhahabu