Mstari Uliopungua Kwenye Herufi P

Mpendwa dada yangu Mwanaisha,

Nimekaa mbele ya komputadori hapa Pemba, hii yetu ya bara si ile ya kisiwani, tangu adhuhuri na sijui nianzie wapi, mimi ambaye ulikuwa ukisema mdomo wangu hauna breki. Basi nianze na kazi, maana kazi ndiyo iliyotuweka pamoja hata siku tulizonuniana. Kamusi imekwisha. Kurasa zote zimepangwa, safu mbili mbili kama ulivyotaka, na watu wa tipografia wanazingoja wachape. Ilibaki kasoro moja tu kwenye herufi P, na kasoro hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Unakumbuka tulivyoanza. Gesi imegunduliwa baharini, Palma imejaa wageni wenye kofia ngumu, kila mwenye mikono anatafuta kazi kwenye kiwanda cha gesi kinachojengwa Afungi. Wewe, profesora wa skuli ya msingi, ukasema hawa watatujia na Kireno chao na watu wetu wataitikia ndiyo kwa mambo wasiyoyaelewa, kwa hiyo lazima kiwepo kitabu cha maneno yetu na maana zake kwa Kireno. Mimi nilikuwa fundi wa kupanga maandishi, riziki yangu kadi za arusi na matangazo ya maduka. Nikakuuliza nani atakinunua. Ukanijibu kwamba hukuniuliza habari za kununua, uliniuliza kama nina nafasi Jumamosi.

Kukupangia wewe kitabu ilikuwa adhabu, na leo nakwambia wazi. Hukutaka neno libaki peke yake chini ya safu, maana yake imerukia safu ya pili. Hukutaka pia mstari wa mwisho wa maelezo uende kukaa juu ya safu kama yatima. Nikipunguza ukubwa wa herufi, unakataa. Nikibana mistari, unavaa miwani na kuniuliza kama nadhani wewe kipofu. "Bakari, umemwacha mgeni mlangoni," ndiyo kauli yako, na kidole chenye samli unakigotea kwenye kioo cha komputadori yangu. Tukirekebisha safu moja, zote za mbele yake zinasogea, tunaanza upya.

Mstari ukipungua, dawa yako ilikuwa moja, kumwuliza mtu. Tunakwenda kwa jirani, tunamtajia neno, hatumwambii tunalitakia nini, na sentensi ya kwanza inayomtoka kinywani ndiyo tunayoiandika kama mfano. Sisi wenyewe kutunga, haramu.

Ndivyo tulivyofika kile kijiji cha Afungi, kabla watu hawajahamishwa kupisha ua wa kiwanda. Neno lilikuwa kaburi. Mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo akasema kaburi la mama yake liko nyuma ya jiko. Tukaandika, safu ikakaa sawa. Baadaye watu wakahamishwa, jiko likavunjwa, nami nikakushauri tuitoe ile sentensi kwa sababu imeshakuwa uongo. Ulinuna siku nzima, hata chai hukunimiminia. Ukasema alichosema mtu kimeshasemwa, na sisi hatukupewa kazi ya kumsahihisha.

Basi Palma ikavamiwa na wale wenye bunduki, mimi niko huku Pemba nimefuata wino. Nilikupigia simu ikaita, ikaita, halafu haikuita tena. Watu walipoanza kufika, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu iliyovimba, nilisimama pale wanaposhukia nikiuliza kila sura ninayoijua. Nikaambiwa profesora alionekana akielekea Mute na watu wa huko. Baada ya hapo hakuna aliyejua kitu.

Katika uga tunaokaa sasa, chumba cha pili amekuja Mama Fatu, mkulima wa huko huko Mute. Nilimwuliza siku ya kwanza tu alipotua mzigo wake. Akasema hakukuona, akainamia moto akawa anapuliza. Wallahi nilifurahi. Nilijiambia, kama hakukuona ukipita, basi hakukuona ukifa. Sikumwuliza tena. Mjomba alipotaka usomewe hitma tuligombana hadharani, nikamwambia mtu hai hasomewi hitma, na kama amechoka kukungoja aende akapumzike kwake. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kamusi nikaandika jina lako peke yake. Neno marehemu sikuliandika, na yeyote aliyenigusia nilimtazama mpaka akaondoka.

Nikaendelea kupanga. Nilidhani ukiikuta kazi haina kosa hata moja siku utakayorudi, hutakuwa na la kusema, na hilo peke yake lilinitosha kuamka asubuhi. Nikafika P. Pale chini ya safu ya kulia amebaki punda, dada, punda mzima, peke yake, maana yake iko ukurasa wa pili. Nilikwambia zamani tumtoe, nani kwetu anafuga punda. Hukutaka kusikia. Sasa ulikuwa unahitajika mstari juu yake ili asogee akae na maana yake, na hapo juu neno pumzika halikuwa na mfano. Wewe hukuwahi kulitafutia. Ningeweza kutunga mwenyewe, mtoto anapumzika, nikalala zangu. Nikashindwa. Nikatoka uani.

Mama Fatu alikuwa anachagua mchele. Nikamwambia nina neno, anipe sentensi ya kwanza itakayomjia. Akacheka, akasema haya mwanangu, leta. Nikamwambia, pumzika.

Mkono ukasimama kwenye ungo. Halafu akasema, "Profesora alipumzika chini ya mkorosho, tukamwamsha asiamke."

Akaanza kulia, mchele ukamwagika, na mimi nimesimama na kalamu.

Alinieleza yote, dada, kwa sauti ya mtu anayeungama. Hukupigwa risasi. Ilikuwa kiu na miguu, na maji yako uliwagawia watoto wasio wako. Mlikuwa mmekaribia kijiji cha Diaca. Walikufunika kwa kanga yake Mama Fatu, wakachimba kwa kifuniko cha sufuria na kwa mikono, aliyejua kusoma akasoma, wakaondoka kwa sababu sauti za bunduki zilikuwa zinakaribia. Alinificha kwa vile aliniona usoni siku ile ya kwanza, na alishindwa kuwa yeye wa kuniletea msiba. Sikumlaumu. Nilimwokotea mchele.

Nikarudi ndani nikaiandika sentensi yake kama ilivyotoka, sikugusa herufi. Punda amesogea, amekaa na maana yake. Nimezipitia kurasa zilizobaki mpaka Z, hakuna safu iliyovunjika vibaya, hakuna neno lililoachwa. Nimerudi ukurasa wa kwanza nikaongeza neno marehemu mbele ya jina lako. Hitma ni Ijumaa. Mjomba amekuja kunishika mkono, tukakaa pamoja.

Sina furaha na kitabu hiki. Wenye sentensi zilizomo wengine wamekufa, wengine wako kwenye mahema, na sijui nani atakayekifungua kule Palma na kwa haja gani. Watu hunipa pole wakisema angalau kazi yako imebaki. Siitaki hiyo angalau yao. Kazi imekwisha vizuri kama ulivyotaka, na mimi ningeona heri safu zote zivunjike, maneno yote yabaki yananing'inia kuanzia A mpaka Z, wewe uwe hai unigombeze.

Mola akupe maji huko uliko, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari